Namkunda na Pawatila ya Mfereji wa Juu

"Mwosha chuma jioni haazimi jembe asubuhi."

Leo mmeisikia gulioni kwa muuza sufuria, mtu wa mbali ambaye hajui hata Mvuleni yetu iko upande gani wa milima, na mmerudi nyumbani mnaniuliza imetoka wapi na ina maana gani. Nimefurahi, wajukuu zangu, kuliko ninavyoonyesha. Methali nyingi tumeachiwa na watu wa kale ambao hatuwajui hata kwa majina. Hii ina mwenyewe na ina mahali pake. Ilizaliwa hapa hapa, chini ya milima hii ya Upare, na mimi Nakiete nilikuwepo ikizaliwa. Tena sikuwa upande mzuri. Kaeni niwaambie ilivyokuwa.

Siku hizi pawatila, zile trekta ndogo zinazoongozwa kwa mikono, mnaziona kila mahali, hamgeuzi hata shingo zikipita. Wakati ule katika bonde lote hili la mpunga zilikuwa mbili tu. Skimu ya umwagiliaji ilikuwa na mifereji miwili, wa Juu na wa Chini, na kila mfereji ulikuwa na majaruba ishirini, yaani vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta. Zilipoletwa zile pawatila, kila mfereji ulipewa moja. Sisi wa Juu tukakaa kikao kuamua nani aitunze ya kwetu na kuiendesha. Wanaume wawili walijitaja, wakaeleza nguvu zao. Kisha Namkunda akasimama.

Namkunda alikuwa mjane, mwanamke mfupi, mkimya, fundi cherehani. Alishona sare za shule na magauni ya kipaimara. Mzee Kiangi, aliyekuwa mwenyekiti wetu, akamuuliza, "Mama, wewe na injini mmejuana wapi?"

Namkunda akajibu, "Cherehani yangu ina miaka ishirini na miwili, mwenyekiti. Haijawahi kwenda kwa fundi hata siku moja."

Watu walicheka, lakini hoja ile ilitosha. Akapewa. Akaenda mafunzo ya siku tano, akarudi na daftari limejaa michoro, na tangu siku hiyo maisha yake yakawa na saa moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondoa humo.

Jua likigusa mlima, Namkunda alizima injini. Hata kama amebakiza mistari miwili kumaliza jaruba, alizima. Aliitoa mashine shambani, akaiacha ipoe, akachota maji mferejini na kuiosha tope lote, kuanzia magurudumu mpaka chini ya tumbo. Kisha alipiga magoti nyuma yake, kwenye vile visu vinavyozunguka, akatoa majani na mizizi kwa vidole, kisu kimoja kimoja. Alipitisha spana kwenye nati zote. Alibonyeza mkanda kwa dole gumba kuona kama umelegea. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama kama daktari anayesoma kipimajoto. Chujio la hewa alilifungua akalisafisha kwa dizeli. Mwisho alipaka grisi, akaifunika mashine kwa turubai, ndipo akaenda kuwasha jiko lake.

Mwanzoni tulimtazama kwa kupenda. Baadaye ikatuchosha, maana wenzetu wa Mfereji wa Chini walikuwa na Mbonea.

Mbonea alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mrefu, mwenye mabega, na sijapata kuona mtu anayeendesha pawatila kama yeye. Aligeuza mashine kwenye kona ya jaruba bila kuacha hata nafasi ya kupanda mche mmoja. Akiendesha, watu walisimama kwenye matuta kumwangalia kama wanavyoangalia mpira. Aliwahi kuingia shambani na alichelewa kutoka. Giza likiingia, mashine aliiacha hapo hapo kwenye tuta, tope mpaka tumboni, na asubuhi alipiga hendeli ikaunguruma. Ukimwuliza kuhusu kuiosha, alisema, "Chuma hakiumwi, mama. Chuma kinataka kazi."

Misimu miwili mfululizo Mfereji wa Chini ulimaliza kulima kabla yetu. Hilo lilituuma. Na aliyeumwa kuliko wote alikuwa huyu anayezungumza nanyi.

Siku moja zamu ya kulima ilikuwa yangu. Namkunda alikuwa katikati ya jaruba langu, saa sita mchana, mara nikaona mashine inatoka. Nikadhani imeharibika. Nikakimbia. Nikamkuta ameweka karai chini ya injini, oili nyeusi inamiminika humo.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu," akasema. "Saa zake zimefika. Hii oili imechoka, lazima niimwage niweke mpya."

"Katikati ya shamba langu, Namkunda?"

"Oili haijui shamba ni la nani, dada."

Nilikasirika. Niliona amenifanyia makusudi. Jioni ile nilipita nyumba kwa nyumba nikisema, mashine ni ya kulima, siyo bibi harusi wa kuogeshwa kila siku. Watu walikuwa na yao moyoni, wakaniunga mkono. Tukaitisha kikao. Niliposema aondolewe, apewe mtu mwenye haraka kidogo, mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wangu. Ukafuata wa pili, na wa tatu, mpaka tukawa wengi. Mzee Kiangi akasema basi, msimu ujao ukiisha kupandwa, mashine itabadilisha mikono.

Namkunda hakulia wala hakugomba. Alisema, "Mkiitaka mtaichukua, ni yenu. Lakini mpaka siku hiyo, jioni ni yangu." Akachukua daftari lake akaenda zake.

Msimu wenyewe uliokuwa ukisubiriwa ukaja na kiangazi.

Mvua za vuli zilinyesha siku nne zikakata. Mto ulishuka mpaka watoto wakawa wanauvuka bila kukunja suruali. Kamati ya maji ikagawa zamu upya: bonde letu lingepata maji siku tano tu, mifereji yote miwili kwa pamoja, kisha lango lifungwe na maji yaende vijiji vya chini kwa wiki tatu. Nanyi ni watoto wa mpunga, mnajua maana yake. Miche yetu ilikuwa tayari kitaluni, inatakiwa kuhamishwa. Ndani ya siku tano hizo kila jaruba lilipaswa kujazwa maji, kulimwa na kuvurugwa mpaka liwe uji. Jaruba lisilowahi maji yale lingekauka na kupasuka, na miche yake ingezeekea kitaluni. Hakukuwa na namna ya pili. Familia yenye jaruba hilo ingekula nini mwaka ule, Mungu ndiye angejua.

Siku ya kwanza lango lilipofunguliwa tulipiga vigelegele. Mashine zote mbili zikaingia. Mbonea aliendesha kama mtu anayefukuzwa. Siku mbili alimaliza majaruba kumi. Sisi tulimaliza manane. Jioni zote mbili, mashine ya wenzetu ikiwa bado inasikika inanguruma kule chini, Namkunda alizima mashine jua lilipogusa mlima, akachota maji, akapiga magoti. Nilipita karibu yake siku ya pili, sikumsalimu.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikwenda kwa Namkunda mapema kuhakikisha anaanza. Nilimkuta anatoa turubai. Mara tukamwona Mbonea anakuja barabarani, miguu ina tope kavu, mikono mitupu. Alikuwa anapita kila nyumba. Alipofika akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mbonea. Habari za asubuhi?"

"Si nzuri. Nimekuja kuazima jembe."

Namkunda akamtazama. "Jembe la nini, na wewe una mashine?"

Mbonea akajibu, "Mashine imelia, mama. Nimeitia gia, ikapiga kelele kama mbuzi anachinjwa, ikasimama. Injini inawaka lakini visu havizunguki. Nimezunguka nyumba kumi na moja, nimepata majembe manne."

Pale nilisikia kitu moyoni ambacho leo ninakionea haya. Nilisikia furaha.

Namkunda akaliacha turubai. Akachukua kopo lake la spana akamfuata, nami nikawafuata. Tuliikuta ile pawatila ya Chini imekaa kwenye tuta, tope limeganda juu yake kama ukuta wa nyumba. Namkunda alikwangua kwa muda mrefu kabla hajaona hata nati ya kufungua. Alipofungua nati ya chini ya giaboksi, haikutoka oili. Yalitoka maji ya tope, na ndani ya tope vikaanguka vipande viwili vya chuma, vidogo, vinavyong'aa. Akavifuta kwa khanga yake akavishika kiganjani.

"Meno ya gia," akasema.

"Inapona?" Mbonea akauliza.

"Inapona. Si leo wala si kesho. Vifaa vyake vinatoka mjini."

Watu wa Chini walikuwa wameanza kukusanyika. Mama mmoja akakaa chini kwenye tuta akajifunika uso. Walikuwa wamebakiza majaruba kumi, na majembe yenyewe ndiyo manne. Sisi wa Juu tulikuwa tumebakiza kumi na mawili.

Tulirudi kwetu, na wenzangu wakanikuta njiani wakiuliza habari. Kabla sijamaliza kueleza, Namkunda akasema, "Nimefikiri. Mashine yetu itawalimia na wao."

Nikaruka. "Haiwezekani! Sisi wenyewe kumi na mawili, siku tatu, hesabu yenyewe inabana! Kila mtu na mashine yake. Wao walipokuwa wanamaliza kabla yetu, nani alikuja kutusaidia?"

"Nakiete," akasema kwa sauti ile ile ya siku zote, "mashine inafanya kazi saa ngapi kwa siku?"

"Nitajuaje mimi?"

"Mimi ninajua. Mchana inasimama saa tatu kwa sababu mimi nimechoka. Asubuhi inachelewa kwa sababu mimi nina miguu miwili tu. Yenyewe haijachoka. Akiwepo dereva wa pili tukapokezana, haitasimama. Na dereva wa pili yupo, ni bora kuliko mimi, na leo hana kazi."

"Lakini muda..."

"Watu wa Chini wakiingia na sisi na majembe machache yaliyopo, wakachimba kona na kando, mashine ipite katikati tu, muda tutaupata." Kisha akanigeukia mwili mzima. "Mlinipa kitu nikitunze. Nimekitunza. Sasa kina nguvu ya kulima zaidi ya mashamba yetu, mnataka nikifunike turubai ili majirani wafe njaa?"

Mzee Kiangi akakohoa, akasema, "Mwenye mashine mpaka msimu uishe ni Namkunda. Amesema."

Mbonea alipoitwa alikuja anakimbia. Namkunda alimpa mikono ya pawatila mwenyewe, lakini alimshika mkono kwanza. "Utaendesha upendavyo, mwanangu. Sharti moja. Jua likigusa mlima, mashine ni yangu."

"Ndiyo, mama."

Siku ile, wajukuu zangu, ndiyo siku niliyoona kazi. Namkunda alianza alfajiri, Mbonea akampokea jua lilipopanda, Namkunda akapokea tena mchana, Mbonea akamaliza. Mashine haikusimama ila kwa kutiwa dizeli. Watu wa mifereji miwili ambao hata harusi tulikuwa hatualikani tulikuwa kwenye tope moja, wengine wakichimba kona, wengine wakisawazisha kwa miguu. Tulimaliza majaruba saba. Saba! Hata Mbonea peke yake hakuwahi kufikia hapo.

Siku ya nne ilikuwa ngumu zaidi, udongo wa kule mwisho ni mzito, tukapata sita. Yakabaki tisa na siku moja. Jua likagusa mlima. Namkunda akainua mkono, na Mbonea, aliyekuwa kwenye mikono ya mashine, hakuzima.

"Mama!" akaita kwa sauti kushinda injini. "Bado ninaona! Nimalize hata moja hili, yabaki manane!"

Watu wote tukamwangalia Namkunda. Nadhani hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wake. Mimi nilisema kwa sauti, "Leo tu, Namkunda. Leo tu."

Alitembea ndani ya tope mpaka mbele ya mashine, akasimama hapo.

"Zima, Mbonea."

Akazima. Nilisikia mtu nyuma yangu akilaani kwa Kipare. Mbonea aliitoa mashine mpaka kwenye tuta, uso umemwiva kwa hasira. Akataka kuondoka. Namkunda akamwambia, "Usiende. Leo utaosha wewe."

Kijana yule hodari, aliyesifiwa bonde zima, akachukua ndoo. Akachota maji, akaosha, tope likashuka mpaka rangi ya mashine ikaonekana. "Sasa piga magoti," Namkunda akasema. "Tia vidole kwenye visu. Nenda mpaka ndani kabisa, pale mhimili unapoingia kwenye giaboksi."

Tulisimama tumemzunguka. Mbonea akatoa majani, akatoa mizizi. Kisha mkono wake ukasimama.

"Kuna kitu hapa," akasema. "Kigumu."

"Kitoe."

Hakikutoka. Namkunda akampa kisu. Akakata taratibu, akavuta, na kikaanza kutoka uzi baada ya uzi. Ilikuwa nailoni ya mifuko ya mbolea. Tulikuwa tunajaza tope kwenye mifuko ile mikuukuu kuziba milango ya maji, na uzi wake ulikuwa umenaswa na visu, ukajizungusha kwenye mhimili, ukakaza mpaka ukawa kama pete ya chuma. Alipoutoa wote, Namkunda akasogea, akaweka kidole kwenye kile kiraba kinachozuia oili isitoke na tope lisiingie.

"Angalia," akasema.

Kiraba kilikuwa kimeanza kukatika. Kilikuwa na mstari kuzunguka, mwembamba kama ukucha, na oili ilikuwa imeanza kutoa jasho pale.

"Ungelima hilo jaruba moja," Namkunda akasema, "labda lingeisha. Labda lisingeisha. Kesho yale manane ungeyalima na nini?"

Mbonea alibaki amepiga magoti, fundo la nailoni mkononi.

"Ya kwangu ilikuwa hivi hivi," akasema.

"Naamini."

"Ilianza lini?"

"Hilo ungelijua wewe, mwanangu."

"Sijui," akasema. "Sikuwahi kutazama." Akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka, na mimi niliyefurahi asubuhi ile ya majembe nilitamani kwenda kumshika bega.

Namkunda hakumhubiria. Alifungua kikopo chake cha vipuri, akatoa kiraba kipya alichokuwa amekihifadhi kwenye karatasi tangu siku ya mafunzo, akamwonyesha kukitia. Wakajaza oili. Wakakaza nati. Kabla giza halijaingia mashine ilikuwa imefunikwa.

Siku ya tano tulifika shambani kabla ya jogoo wa pili, nadhani hakuna aliyelala vizuri. Mashine iliwaka kwa hendeli ya kwanza. Sitawaeleza kila jaruba. Nitawaambia tu kwamba saa nne yalikuwa yameisha mawili, saa sita manne, na lango lilipofungwa alasiri, maji yakiwa tayari yamesimama kwenye majaruba, yalikuwa yamebaki mawili. Mbonea alilimaliza la nane akaingia la tisa. Akafika katikati. Jua likagusa mlima.

Safari hii hakungoja mkono wa mtu. Alizima mwenyewe.

"Nusu jaruba tu, jamani!" mtu akapiga kelele. "Kesho si lazima tena kulima! Leo kuna ubaya gani?"

Mbonea akamtazama Namkunda, na Namkunda akasema, "Kesho hatulimi, lakini msimu ujao tutalima." Akashuka kwenye tope kuisaidia mashine kutoka.

Hapo ndipo nilipotazama jaruba lile nikajua ni la nani. Lilikuwa la Namkunda. Siku tatu nzima yeye ndiye aliyekuwa akipanga shamba lipi lianze, na la kwake alikuwa amelirudisha mwisho kila mara, hakumwambia mtu.

Nilikuwa na jembe mkononi, nikaingia. Nikapiga pigo la kwanza, nikasikia maji yanaruka nyuma yangu, nikageuka: Mzee Kiangi, na nywele zake nyeupe, amekunja suruali. Kisha akaingia yule mama wa Chini aliyekaa kwenye tuta amejifunika uso. Habari ikakimbia nyumba hadi nyumba, na kutoka kwenye nyumba zile zile majembe yakaanza kuja. Sijui yalikuwa yamejificha wapi ile asubuhi. Yalikuja mengi mpaka watu wakawa wanagongana viwiko. Wengine hawakuwa na nafasi ya kulima, wakavuruga kwa miguu huku wanaimba. Nusu jaruba lile liliisha kabla Mbonea hajamaliza kuosha visu.

Ndipo aliposimama na ndoo yake pale kwenye tuta. Alitutazama tulivyojaa mle ndani. Akasema, na sauti yake ilisikika vizuri kwa sababu tulikuwa tumetulia kupumua:

"Jamani, mimi juzi asubuhi nilizunguka nyumba kumi na moja kuazima majembe, nikapata manne. Huyu mama hakuazima hata moja. Hesabuni yaliyoko hapo shambani kwake." Akageuka kwa Namkunda, akamwinamia kama mtu anavyomwinamia mama yake mzazi. "Nimejifunza. Mwosha chuma jioni haazimi jembe asubuhi."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilifika mlimani. Namkunda aliona haya, akajifanya anatafuta spana.

Kikao cha kumwondoa kilipofika, Mzee Kiangi alisoma ajenda akauliza nani ana la kusema. Nilisimama nikaomba radhi mbele ya watu wote, kwa kinywa changu, nikasema pawatila ibaki mikononi mwake mpaka yeye mwenyewe aseme amechoka. Pawatila ya Chini ilipona vifaa vilipokuja, na Mbonea aliifungua na kuifunga chini ya macho ya Namkunda, nati kwa nati. Baadaye wenzetu wa vijiji jirani walipoanza kupata mashine zao, walileta watu wao kujifunza Mvuleni, kwa mshona sare na kwa yule kijana aliyesema chuma hakiumwi. Walijifunza kuosha, kukaza, kupima oili, na kila aliyeondoka aliondoka na maneno yale mdomoni. Ndiyo yaliyosafiri mpaka yakavuka milima.

Na pawatila yetu? Ililima misimu kumi na tisa. Sijasikia nyingine iliyolima hivyo.

Basi msifikiri methali hii inasema habari za mashine peke yake, wala kwamba mtu mwangalifu hatahitaji watu. Namkunda alihitaji watu, alihitaji hata mimi. Ila saa ile ndogo ya jioni, ambayo kila mtu huiona ni ya kupoteza, ndiyo inayoamua kama kesho utasimama mlangoni kwa jirani unaomba, au jirani atakuja mwenyewe na jembe begani bila kuitwa. Mtu akiwauliza tena gulioni, mwambieni ni ya kwetu, ya Mvuleni, na mwanamke aliyeiishi kabla haijasemwa aliitwa Namkunda:

Mwosha chuma jioni haazimi jembe asubuhi.